Kapu la Radhi

Hapo zamani, katika mji wa Mtondoo, palikuwa na desturi ya kapu. Sikilizeni vizuri habari za kapu hili, maana hadithi yote imekaa ndani yake. Na leo msiniitikie katikati. Mwisho nitawauliza swali, na atakayenyamaza nitajua kuwa ni jamaa yao hawa ninaowasimulia.

Desturi yenyewe ilikuwa hivi. Mtu akiuza chakula, kisha kikaonekana kina kitu kisicholiwa, mchanga, msumari, kipande cha chupa, hakukaa kwake akangoja watu waje kugomba. Alibeba kapu la ukindu kichwani, mchana kweupe, akapita mlango kwa mlango. Kila mlango alisema: "Chakula changu kina kasoro. Nirudishieni, mniwie radhi." Mwenye nyumba akarudisha chote alichonunua, akakimimina kapuni na kujibu: "Tumekuwia radhi." Likijaa, likamwagwa shimoni. Kapu hilo lilibebwa na mtu mmoja tu, kwa kuwa wa kale walisema kosa likibebwa na wengi halina mwenyewe.

Lakini radhi ilikuwa ya mdomoni. Mkono uliobeba lile kapu haukununuliwa kitu mwaka mzima. Na nyumba iliyotoka kapu, mwaka huo haikuoa wala haikuoza. Watu wa Mtondoo walisamehe upesi, wakasahau polepole.

Basi katika mji huo alikuwako mjane, Mwanakheri binti Shaame. Mumewe, Faki, alikuwa amefariki miaka minne nyuma, akamwachia binti mmoja, Hidaya, na nyumba inayovuja upande wa jikoni. Mwanakheri alimfanyia kazi Bi Mize, kikongwe wa miaka sabini na ushei, mtengenezaji wa bizari ya pilau. Mwanakheri ndiye aliyechambua, akakaanga, akapeta. Bizari ile ilikuwa haina mpinzani. Watu walisema pilau isiyotiwa bizari ya Bi Mize ni wali ulionuna.

Mwaka huo Hidaya aliposwa. Kijana alitoka nyumba ya Bi Kidawa, shangazi yake aliyemlea tangu mdogo. Huyu Bi Kidawa ndiye aliyekuwa sauti ya mji. Akiimba kasida, hata wanaume waliokaa barazani walishusha vikombe vyao vya kahawa. Harusi iliwekwa mwezi wa Mfungo Tatu, na Mwanakheri hakuwa na jingine la kujivunia duniani ila hilo.

Sasa kuna jambo nitalisema kwa sauti ya chini. Mwanakheri alikuwa anavaa shanga kiunoni. Mwenye mume akivaa shanga hakuna wa kumuuliza, ni mambo ya chumbani kwake. Lakini mjane? Mtondoo wangeuliza: anamvalia nani? Na kumbe hakuwa na mtu. Zilikuwa shanga nyekundu za kioo, Faki alizinunua mwaka aliozaliwa Hidaya. Mwanakheri alizivua wakati wa eda, na eda ilipokwisha akazivaa tena, kwa sababu bila shanga zile alijiona kama nyumba iliyohamwa. Alizivaa kimya kimya, akatembea polepole zisilie. Mwanawe mwenyewe hakujua.

Siku moja asubuhi, bizari ilikuwa imeshakaangwa na kutandazwa mkekani ipoe, giligilani, iliki, pilipili manga, vipande vya mdalasini. Mwanakheri alichuchumaa katikati yake, akiichota na kuitia guniani. Mara uzi ukakatika. Alihisi kwanza wepesi kiunoni, kisha akasikia shanga zikidondoka chini ya kanga, tii, tii, tii, juu ya bizari. Bi Mize alikuwa upenuni anakunja karatasi za kufungia. Akauliza kama ni siafu, mbona mwenzake amekauka kama mti. Mwanakheri akajibu kuwa mguu umemfa ganzi. Akajikunyata, akaokota alizoziona, akazifunga kwenye pindo la kanga, akamaliza kujaza gunia.

Alipofika kwake akafunga mlango na kuzihesabu. Alijua zilikuwa mia na ishirini. Alipata mia na tisa. Akahesabu tena, mia na tisa. Kumi na moja zilikuwa ndani ya gunia.

Na gunia lilikuwa bado limesimama ukumbini kwa Bi Mize. Mashine ya kusagia haikufunguliwa mpaka alasiri. Alikuwa na muda wa kwenda, akamwaga gunia, akapeta upya. Lakini angeulizwa anatafuta nini. Habari ingefika kwa Bi Kidawa kabla ya magharibi, na posa ya Hidaya ingerudi. Mwanakheri akasema moyoni: nikisema, nitaaibika. Akanyamaza.

Alasiri gunia likafika kwa Makame, mwenye mashine. Makame alikuwa mtu makini, hakumwaga kitu mashineni kabla hajapitisha mkono. Akapitisha mkono, akatoa ushanga mmoja. Akapitisha tena, akatoa wa pili na wa tatu. Alikuwa na mke nyumbani, hakuhitaji kuambiwa zile ni shanga za wapi. Sasa aende kwa nani? Amgongee Bi Mize, umri wa bibi yake, amwambie, shikamoo, nimeokota shanga zenu za kiunoni? Makame alisikia masikio yakimwaka moto peke yake mle kibandani. Akazitia mfukoni na kujiambia kuwa tatu ndizo zote. Kisha akawasha mashine. Ikalia kacha, kacha, mlio ambao mashine yenye bizari tupu hailii, naye akausikia. Akasema moyoni: nikisema, nitaaibika. Akanyamaza.

Bizari ikafungwa, ikauzwa. Nyumba arobaini zikanunua, maana mwezi wa harusi ulikuwa karibu. Siku ya pili Bi Mize akatia kijiko kwenye mchuzi wake wa dengu, akatafuna kitu kigumu. Alipokitema mkononi, akaona kipande chekundu chenye nusu ya tundu. Bibi wa miaka sabini haulizi hicho ni nini. Wala hakuuliza ni cha nani, kwa kuwa mkeka ule ulikaliwa na watu wawili tu, na yeye shanga zake alizitupa zamani, meno ya mbele yalipokuwa bado yapo.

Akamwita Mwanakheri. Mwanakheri akaja, akasimama mlangoni na kushika kizingiti.

"Mwanangu," Bi Mize akasema, "bizari imeingia vidudu."

"Vidudu, Bi Mize?"

"Vidudu. Chukua mkoba wako wa sokoni, usichukue kapu. Pita kwa watu mmoja mmoja, waambie tutawabadilishia."

Mwanakheri akajua kuwa Bi Mize anajua. Bi Mize akajua kuwa Mwanakheri amejua. Wakaliacha hapo hapo. Je, yule bibi alikuwa anamsitiri mjane au anaisitiri bizari yake? Mimi sijui, na nadhani mwenyewe hakujua. Alijua tu kwamba akitamka neno la kweli, jina lake la miaka arobaini lingeingia kapuni. Akasema moyoni: nikisema, nitaaibika. Akanyamaza.

Mwanakheri akapita na mkoba. Mnajua ugumu wa kazi ile? Watu hawaogopi vidudu. Kidudu kinapetwa, kinaanikwa juani, maisha yanaendelea. Kila mlango walimwambia asijisumbue, watapeta wenyewe. Kila mlango alibembeleza, akaapa kuwa vidudu hivi ni vibaya, vina sumu, akawapamba vidudu mpaka vikaota pembe. Uongo ule ulimchosha kuliko jua. Nyumba thelathini na tisa zikarudisha.

Akabakiwa na nyumba moja, ya Bi Kidawa. Bi Kidawa alimpokea kwa bashasha zote za mkwe kwa mkwe, akamkalisha, akamletea maji ya tende. Habari ya vidudu ikamkera. Ijumaa alikuwa na mwaliko, wanawake wa pande mbili wakutane wapange mambo ya harusi, na Mwanakheri mwenyewe alikuwa mgeni wa heshima. Ampikie mkwe wake pilau kwa bizari ya dukani? Akaingia ndani, akatoka na kifuko kilichopungua nusu.

"Hiki ndicho kilichobaki, mkwe wangu. Nyingine nimeshaimaliza."

Mlango wa jikoni ulikuwa wazi. Mwanakheri aliiona bizari nyingine kwenye bakuli, juu ya kinu kilichopinduliwa, imefunikwa sahani isiyotosha. Akaitazama. Bi Kidawa akamwona anatazama, uso ukamwiva, akajitia kupanga vikombe. Neno moja tu lingetosha. Angesema, "Bi Kidawa, si vidudu, ni kioo," yangekwisha. Mwanakheri alifungua mdomo, akaomba maji tena. Akanywa, akashukuru, akaondoka. Njia nzima alitembea upande wa kivuli kama mwizi, na alipofika kwake hakuweza kumtazama Hidaya usoni.

Ijumaa ikafika. Wanawake wakakaa, masinia yakaja. Harufu ilipoingia ukumbini, kila mtu akasema hii ni ya Bi Mize, haijifichi. Mwanakheri aliwekwa sinia moja na Bi Kidawa, kwa heshima. Tangu asubuhi alikuwa amejiapia kuwa akiinusa tu atasema, liwalo na liwe. Sasa ameinusa. Akatazama mikono ya wenzake ikiingia sinia. Akasema moyoni, nitasema wakishapiga bismillahi. Wakapiga. Akasema, nitasema baada ya tonge la kwanza. Naye mwenyewe akamega tonge, akalitia kinywani, akalitafuna polepole kama anayekula moto.

Bi Kidawa alikuwa anacheka, anaeleza kasida atakayoimba usiku wa kuingia ndani bwana harusi. Akameza huku anacheka. Kicheko kikakatika. Akashika koo, akakohoa, akakohoa tena. Leso aliyoiweka mdomoni ilipotoka ilikuwa na damu.

Hakufa. Msinitazame hivyo, hakufa. Daktari alimtoa kooni kipande cha kioo chekundu, akampa ndugu zake kwenye pamba. Jeraha likapona. Lakini sauti haikurudi. Ile sauti ya kushusha vikombe vya kahawa ikawa mkwaruzo, kama bawaba isiyotiwa mafuta. Akiomba maji, watu walisogea karibu ndipo wamsikie.

Kile kipande kikazunguka mji mzima juu ya pamba. Kila mwanamke aliyekiona alijua ni nini. Basi watu wakakusanyika uani kwa Bi Mize, wakaliweka kapu la radhi katikati. Wakasema kumbe havikuwa vidudu. Wakasema kapu lazima lipite, hata kama bizari imesharudi, maana radhi haijaombwa. Wakauliza ni shanga za nani. Hapo wanawake wakaanza kutazamana viunoni, na kila mmoja akaivuta kanga yake vizuri. Msemo usemao kikulacho ki nguoni mwako, siku hiyo ulikuwa na mwenyewe, naye alikuwa amekaa nyuma karibu na mtungi, Hidaya ubavuni pake. Hidaya alikuja kwa sababu mama yake hakuwa anakula wala kulala, akadhani anamlilia mkwe.

Bi Mize akainuka. Akasema hakuna haja ya kuchunguzana, bizari ni yake na kapu ni lake.

Wasikilizaji wangu, Mwanakheri alikuwa ameokoka. Mnanielewa? Bi Mize angelibeba, angepita milango arobaini, na siri ingezikwa naye. Harusi ingekuwapo Mfungo Tatu. Mwanakheri alilijua hilo, na katika moyo wake, Mungu amsamehe, alihisi raha. Ile raha ndiyo iliyomuaibisha kuliko shanga.

Bi Mize akainama kulishika kapu. Kapu likaponyoka mikono ya kizee, likabingirika mpaka miguuni pa Mwanakheri. Naye akasimama.

"Shanga ni zangu," akasema. "Ni za kiunoni mwangu. Sina mwanamume, aliyeninunulia ni Faki. Nilijua tangu asubuhi ile ile, gunia lilipokuwa bado halijasagwa. Nikaja kwenu na mkoba, nikawadanganya kwenye milango yenu. Nikaiona bizari kwa Bi Kidawa, nikanywa maji, nikaondoka. Kapu ni langu."

Mwanakheri hakuwatazama watu, alimtazama Hidaya. Binti alikuwa ameshusha mtandio mpaka kidevuni, na mabega yake yalikuwa yanacheza. Kama analia kwa aibu ya mama yake au kwa huruma, Mwanakheri hakuweza kujua, na hakuthubutu kumgusa.

Ndipo Makame, aliyesimama na wanaume mlangoni, akaja mbele macho yapo chini. Akaingiza mkono mfukoni, akaweka shanga tatu juu ya mkeka.

"Huyu mama zilimwanguka bila kutaka," akasema. "Mimi nilizishika kwa mkono wangu. Nilijua ni nini, nikaona haya kuwaambieni, nikasaga. Mashine ililia na mimi nikaisikia. Zilipokuwa shanga, hazikuwa na madhara kwa mtu. Aliyezifanya wembe ni mimi. Nipeni kapu."

Bi Mize akamkatiza. Akasema hao wawili walificha kitu kabla hakijauzwa, wakiomba Mungu kisiwe kitu. Yeye alikuwa nacho mkononi, amekitema kinywani mwake, anajua kimeingia nyumba arobaini.

"Niliwapa watu sababu ya uongo," akasema. "Ningesema kioo, nani angebakisha hata chembe? Kidawa alidhani ni kidudu, akakidharau. Sauti yake niliikata mimi, kwa neno moja. Na huyu mwanangu nilimtuma mimi. Kapu ni langu, kama lilivyokuwa."

Hapo watu wakasikia mkwaruzo. Bi Kidawa, aliyekaa na ndugu zake, alikuwa anainuka mkekani. Kila mtu akajisogeza kumsikia.

"Niliambiwa rudisha, sikurudisha," akasema. "Nilimwambia mkwe wangu imekwisha, na bakuli analiona. Niliona haya kumpikia pilau mbaya. Nikawawekea wageni sinia la kitu nilichokatazwa, na wangeumia hata kumi. Mwenyezi Mungu alinichagua mimi peke yangu, nashukuru. Mwenye chakula siku ile nilikuwa mimi. Kapu ni langu."

Mwanakheri akashika mkono mmoja wa kapu. Bi Mize akashika wa pili. Makame akalikamata ukingoni, na Bi Kidawa akaweka kiganja chake juu. Mficha uchi hazai, walisema wahenga, lakini hawakutuambia wakishajifunua wanne kwa mpigo inakuwaje. Kapu ni la kichwa kimoja.

Likibebwa na Mwanakheri, Hidaya haolewi mwaka huo, na nyumba ya mposaji haitangoja. Na yale ya kiunoni mwake atayarudia kwenye milango arobaini. Likibebwa na Bi Kidawa, nyumba ya kijana nayo haioi, harusi imekufa vile vile, na mwenye jeraha ndiye anayeomba radhi. Likibebwa na Makame, mashine ya pekee ya mji inafungwa, na atapita mlango kwa mlango kwa ajili ya shanga za mjane wa Faki. Likibebwa na Bi Mize, harusi inapona, maana Bi Kidawa bado anamwita Mwanakheri mkwe. Lakini bizari ya miaka arobaini inakufa, na bibi yule hana mwaka wa kungojea radhi.

Walisimama hivyo, mikono minne kapuni, jua likiwa juu ya ua. Mwanakheri alikuwa analia waziwazi sasa, bila kujifuta. Kwa mara ya kwanza tangu uzi ule ukatike hakujali nani anamwona, ila mmoja. Naye Hidaya akainua mtandio taratibu, akawatazama wote wanne, kisha akamtazama mama yake na kuuliza kwa sauti ndogo: "Mama, nani kati yenu?"

Hilo hilo nami nawauliza. Mmoja alidondosha akanyamaza, mmoja alisaga akanyamaza, mmoja alidanganya, mmoja alibakisha. Wote waliona haya, na haya ni uungwana, ndivyo mlivyofundishwa. Je, nani alistahili kulibeba kapu la radhi?

Haya, semeni. Mbona mmenyamaza?